Meza Isiyo na Lebo

"Hiyo haipandi gari!"

Sauti ya Mama Lebo, mhamishaji wetu, ilinikuta kwenye ngazi nimekumbatia mafaili. Nikarudi juu mbio. Ofisi nzima nyeupe, kila kitu kimeshashuka, imebaki meza moja tu katikati. Meza ya Fundi, yule anayetutengenezea kompyuta. Na mwenyewe kasimama pembeni, mikono mfukoni.

Nikatua mafaili sakafuni.

Jamani, huyu mama kiongozi wa wahamishaji msimchezee. Siku mbili kafungasha ofisi ya watu ishirini na watatu, hata kikombe hakijavunjika! Lebo ya bluu mapokezi, ya kijani mafaili. Namba iliyo kwenye meza ndiyo iliyo kwenye kiti, kwenye boksi, mpaka kwenye waya wa kompyuta. Kule ofisi mpya namba zimeshabandikwa sakafuni, wabebaji wanashusha bila kuuliza swali. Raha kumwangalia!

"Kwa nini haipandi, mama?" nikauliza, nahema.

"Haina lebo. Kisicho na lebo kikifika kule nikakishushe wapi, kichwani kwangu?" Akanikunjulia karatasi. "Ramani ya ofisi mpya umenitumia wewe, katibu. Haya, nihesabie meza."

Nikahesabu. Ishirini na mbili.

Mungu wangu!

Fundi akacheka, kile kicheko cha mtu aliyeumia.

"Usijisumbue kurudia. Nimeshaelewa."

"Umeelewa nini?"

"Miaka miwili tunapendana kwa kujificha kama wezi. Nikasema sawa, anaona aibu, atazoea. Kumbe huko mnakohamia sina hata pa kuweka kiti."

Akatoka. Hata hajafika chini, meseji ikaingia:

"Kuna kazi nimeitiwa kwingine, nilikuwa naikataa kwa ajili yako. Leo naenda kuikubali. Ofisi njema."

Nikapiga. Hapokei. Nikapiga tena. Kakata!

Mama Lebo akashika kiuno. "Mwanangu, naona hapa hatuzungumzii meza tena. Sema haraka, lori linanguruma."

"Nilimweka, mama! Nilimchora kwa penseli, karibu na mimi. Nikaogopa, watasema katibu kampendelea bwana wake. Nikafuta, nikamsogeza kule chumba cha seva. Nikaona mbali mno, nikafuta tena. Mara nne! Mwisho nikamrudisha karibu na mimi, penseli hafifu. Wengine wote nimewachora kwa kalamu. Nikapiga picha, nikakutumia."

"Penseli!" Alitamka kama anatema mbegu. "Penseli iliyofutwa mara nne itaonekana kwenye picha? Miaka kumi na tisa nahamisha maofisi, sijapata kuona mtu anapanga mapenzi kwa penseli."

"Sasa nifanyeje?"

"Mimi nahamisha samani tu. Lakini bila kuniambia chumba, hii haitoki hapa. Nenda kamwambie na yeye."

Nilishuka ngazi mbilimbili. Nje wafanyakazi wote wapo kando ya lori, na Fundi keshafika getini.

"Fundi!"

Wala hakugeuka.

"Mpenzi!"

Weee! Hapo akasimama.

"Meza yako ni namba ishirini na tatu! Chumba changu, dirishani, ubavuni kwangu! Na mwenye la kusema aseme sasa hivi, nipo!"

Dada wa mapokezi, shoga yangu, akapasuka kicheko.

"Shoga, kwani ilikuwa siri? Kompyuta yako inaharibika kila siku saa nne asubuhi, na kuitengeneza lazima mlango ufungwe!"

Watu hoi! Mimi uso unawaka. Fundi hakucheka. Alirudi taratibu mpaka mbele yangu.

"Rudia."

"Ubavuni kwangu."

"Lile la mwanzo."

"Mpenzi."

Akatoa simu, akapiga palepale macho yakiwa kwangu. "Haloo, mzee. Ile kazi nashukuru sana, lakini siji... Hapana, hamjanikosea. Nimepata nafasi hapahapa."

Dirishani juu, Mama Lebo keshaelewa. Akapiga mluzi kuwaita wabebaji. "Ishirini na tatu, inashuka!"

Fundi akaniinamia sikioni.

"Na nyumbani kwenu je? Huko nako nijifiche mpaka lini?"

"Mpaka Jumapili. Saa nane mchana uje, nikakutambulishe kwa baba."

"Utaweza?"

"Nimekuita mpenzi mbele ya ofisi nzima na lori la watu. Baba ni mmoja tu!"