Anza na Kidole

Maji ya tangi hayakupungua. Kwa asiyefuga samaki wa baharini hilo si habari, lakini Mwalimu, ambaye kila asubuhi kabla ya kwenda kufundisha kemia aliongeza lita moja ya maji yasiyo na chumvi kufidia yaliyogeuka mvuke, alisimama siku ya tatu na jagi mkononi kama mtu aliyekwenda msibani akakuta harusi.

Tangi lilikuwa la mumewe. Majirani walimwita Kapteni, ingawa hata kuogelea hakujua. Yeye alisoma vitabu, mkewe akasugua kioo. Anemoni, yule mnyama wa vidole laini ambaye wageni humdhania ua, Kapteni alishauriwa achukue wa kufugwa. Kwa kiburi alichokiita utaalamu, akaenda kumng'oa mwambani na jiwe lake, pamoja na samaki wawili wa rangi ya chungwa waliokuwa wakiishi humo. Kuhusu maji, alisema labda hewa ina unyevu. Kapteni hakuwahi kukosa jibu. Alikosa aibu tu.

Wiki iliyofuata sebule ikaanza kunuka kama ufuko maji yakishatoka. Samaki waliacha kula. Kila punje ya chakula waliibeba mdomoni wakamtilia anemoni. Kapteni akafurahi: vitabu vilisema hivyo hivyo. Vitabu havikusema lolote juu ya Chiriku.

Chiriku alikuwa binti yao wa miaka saba, mtoto wao wa pekee, aliyepata jina hilo kwa mdomo wake usiojua kupumzika. Sasa akawa kimya. Mezani alificha nyama kiganjani. Mchana mmoja Mwalimu alirudi mapema, akamkuta amepanda kiti, mkono umezama tangini hadi begani, vidole vya anemoni vimeukumbatia, na maji, ambayo kwa hesabu yoyote ya darasani yangepaswa kupanda, hayakupanda hata kwa upana wa unywele.

Akamvuta. Vidole vile vikamgusa yeye kwenye kifundo cha mkono, vikamchoma kama mafuta ya moto. Mkono wa mtoto haukuwa na alama.

"Hakuumi?"

"Mwanzo aliniuma," Chiriku alinong'ona. "Akaniambia nianze na kidole kimoja. Kesho yake viwili. Hata samaki walianza hivyo."

Mwalimu alilijua hilo, kwa kuwa mumewe alikuwa amelirudia hadi likawa kero, kwamba samaki yule hujisugua kwa anemoni kidogo kidogo, leo pezi, kesho ubavu, hadi ngozi yake ivae ute wa mwenyeji wake na isichomwe tena, na sasa, akiwa ameushika mkono ule uliokuwa unateleza kama sabuni iliyolowa, alielewa nani alikuwa anazoeshwa, ila hakuelewa kwa ajili ya nini.

Yeye aliyewacheka wenzake waendao kwa waganga akaenda kwa mganga. Alikuwa mama mmoja muuguzi mstaafu, mkavu wa maneno. Akaja nyumbani, akanusa tangi, akamgeukia Kapteni.

"Baba, huwezi kung'oa nyumba ya mtu ukaiweka sebuleni kwako, ukategemea mwenyewe abaki nje."

Kapteni akavisukuma vitabu vyake kando.

Mganga alipomwita mwenye nyumba hiyo, jini wa mwambani, sauti nzito yenye mapovu ilijibu kutoka kinywani mwa Chiriku. Akaambiwa jiwe lake litarudishwa, naye amwache mtoto. Akakubali upesi mno, kama mpangaji aliyekwisha kupata kwingine. Siku ile ile jiwe, anemoni na samaki wakarudi mwambani, tangi likakaushwa, na Kapteni akalifuta mwenyewe.

Asubuhi Chiriku alikuwa anapiga domo tena. Alimtania baba yake kuwa ni kapteni aliyenyang'anywa bahari, hadi baba akacheka. Mwalimu akamvuta kifuani, akamkumbatia kwa nguvu zake zote.

Moto ulimpita kutoka shavuni hadi tumboni. Akamwachia, akarudi nyuma hadi ukutani, shingo yake imejaa michirizi myekundu.

Chiriku alimtazama kwa huruma.

"Usiwe na haraka, mama," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, tamu. "Anza na kidole."

Akanyoosha mkono, akangoja.

Mwalimu aliutazama mlango. Kisha akamtazama mwanawe. Akanyoosha kidole kimoja.