Mlimau Katika Bustani ya Wafiwa

Kila siku baada ya masomo, Nomcebo na wenzake wa darasa la saba walibeba ndoo kwenda hospitali kumwagilia bustani ya wafiwa. Ilikuwa na mabenchi machache, maua, na mkunazi pori mmoja uliofika kiunoni. Kila mtoto alikabidhiwa mmea wake. Nomcebo alikabidhiwa mkunazi.

"Kwa nini mimi nipewe miiba?" alinung'unika. "Sbahle kapewa waridi, wageni wanamsifu. Mimi nisifiwe na nani, mbuzi?"

Mwaka ule ukame ulikuwa mkali hata vyura wa mto wetu wakasahau kuogelea. Mvua iliporudi nilimwona mmoja akizama, kwa macho yangu haya. Maji yalichotwa mbali, na Nomcebo akashikwa na uvivu. Alichota nusu ndoo, akaimwaga kwenye waridi la rafiki yake. Sista Zwane, muuguzi aliyesimamia bustani, alipouliza, alijibiwa, "Nimeshamwagilia, Sista."

Mkunazi ukakauka. Kisha Sista akatangaza kwamba kesho yake angekagua kila mmea. Nomcebo aliung'oa mti ule mfu, akapanda mche wa mlimau alioutoa nyuma ya jiko la bibi yake. Majani yaling'aa, miiba ilikuwepo. Kwa mbali usingejua.

"Limau!" Sbahle alicheka. "Marehemu watafika kwao wamekunja nyuso!"

"Nyamaza wewe. Nani atauchungulia?"

Kwetu Wazulu, mtu akifia hospitali, roho yake haiachwi pale. Ndugu huenda kitandani kwake na tawi la mkunazi pori, wakamwita kwa jina, wakamwambia twende nyumbani. Mwenye tawi hasemi na yeyote ila marehemu, mpaka afike.

Kesho yake, kabla ya ukaguzi, alikuja bustanini mama mmoja kijana na baba mkwe wake, mzee ambaye macho yake yalikuwa yamefifia. Walitoka mbali milimani. Hawakuwa na tawi. Nani hubeba tawi anapomleta mtoto kutibiwa?

Mzee alipapasa miiba, akakata tawi la mlimau, akampa mkamwana wake. Mama akaingia nalo wodini. Alipotoka alikuwa akisema polepole, "Sandile, mwanangu, twende. Usiogope, mama yupo. Tunatoka mlangoni sasa. Angalia ngazi."

Nomcebo alisimama na ndoo yake. Gari lilikuwa linawangoja. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini Sandile angebaki wodini peke yake, na mama yake angezungumza na tawi tupu njia nzima.

Sbahle alimfinya. "Usithubutu!"

"Mama, simama!"

Mzee aligeuka kwa hasira. "We mtoto, huna adabu? Huoni amebeba tawi?"

"Babu, huo ni mlimau. Nimeupanda mimi jana. Mkunazi niliuua kwa uvivu, nikaficha."

Mzee alifikicha jani, akanusa. Mama akaliachia tawi likaanguka.

"Nimeshamwambia yote," alisema kwa sauti ndogo. "Nimeshamwamsha. Sasa nikamwamshe tena?"



Sista Zwane, aliyesikia kelele, hakukaripia. Alimpa Nomcebo kisu. "Nyuma ya zizi la kina Mthethwa kuna mkunazi. Kimbia."

Alirudi anahema, vidole vinavuja damu. Mzee alipapasa tawi: mwiba mmoja umenyooka, wa pili umepinda, ndivyo ulivyo mkunazi. Akaitikia kwa kichwa. Mama akaingia tena wodini. Safari hii alipotoka hakusema habari za mlango wala ngazi. Alirudia jina tu.

"Nisamehe, mama," Nomcebo alisema alipopitwa.

Mama hakugeuka. Alikuwa na tawi mkononi, hakuweza kumjibu. Gari likaondoka.

"Sista, amenikasirikia?"

"Sijui. Ningekuwa mimi, ningekukasirikia." Sista aliketi kwenye benchi. "Ulidhani unanidanganya mimi tu, mama mnene asiyependa kuinama kuangalia mizizi. Kumbe uongo wako ulikwenda kumngoja mtu usiyemjua, siku yake mbaya kuliko zote. Ukishausema, huchagui utamwangukia nani. Na ukweli wako umechelewa, mwanangu. Umemliza mama yule mara mbili."

Nomcebo aliinamisha kichwa.

"Lakini ungenyamaza, angefika kwake mikono mitupu. Kwa hiyo ukikosa, sema mapema, kabla kosa halijafika kwa mwenzio. Kesho utapanda mkunazi mwingine, na utaumwagilia hata kama sitakuuliza."

Nomcebo hakungoja kesho. Alichukua jembe, akaanza kuung'oa mlimau, huku mikono ikimwuma.