Kanyaga, Achia

Jua lilikuwa linazama nikitoka dukani na kopo la tatu la mafuta ya breki, nikiwa na hasira ya mtu aliyekwisha kufunga kamba za viatu halafu akakumbuka soksi.

Muuza duka alinitazama akacheka. "Bado hilo gari lako la makasha?"

"Bado."

"Si ungenunua tu lililotengenezwa, kama watu wengine?"

Miaka mitatu nimeulizwa swali hilo na majirani, na wateja, na mke wangu zaidi ya wote. Mimi ni fundi miwani. Mchana kutwa nasugua vioo vidogo vya kuwawekea watu machoni, na jioni nikirudi nyumbani naunda gari la spoti ndani ya gereji. Nililiagiza vipande vipande, ndani ya makasha: chasisi ya mabomba, bodi nyekundu ya faiba yenye viti viwili, mfuko wa boliti, na kijitabu cha maelekezo kilichoandikwa na mtu ambaye, naapa, hajawahi kushika spana. Injini, giaboksi na pedeli unajitafutia mwenyewe kwenye magari mabovu.

Breki ndizo zilizonitoa roho. Kila nikikanyaga, pedeli inazama mpaka sakafuni, laini kama godoro. Kulikuwa na upepo ndani ya mabomba, na upepo huo hautoki mpaka wawepo watu wawili. Mmoja anakaa kwenye kiti na kukanyaga. Mwingine analala chini kwenye gurudumu, anafungua nati ndogo, mafuta yanatoka na mapovu yake, anafunga. Kazi hiyo ina maneno yake. Wa chini anasema, "Kanyaga." Wa juu anajibu, "Nimekanyaga," na haondoi mguu hata nyumba ikiungua, mpaka aambiwe, "Achia." Akiachia mapema, upepo unarudi na mnaanza upya.

Mke wangu alikuwa mkanyagaji wangu hadi mafuta yalipomrukia kwenye gauni. Toka siku hiyo hata mlango wa gereji hagusi.

Na jioni ile sikuwa na muda wa kumbembeleza mtu. Kesho yake asubuhi mama mkwe alikuwa anatoka hospitali na nyonga iliyotengenezwa, ngazi hapandi tena, na chumba pekee cha chini kinachotosha kitanda kwenye nyumba yetu ni gereji. Mke wangu alikwisha kutoa hukumu akiwa anakunja nguo.

"Baba watoto, gari litoke asubuhi. Breki zikishika, lipeleke likakae kwa binamu yako. Zisiposhika, Kutu atalibeba."

Kutu ni muuza vyuma chakavu, ndiye aliyeniuzia ile seti ya pedeli na silinda yake. Gari likiingia kwenye uwanja wa Kutu, linatoka likiwa masufuria. Na mtaa wetu ni mteremko mtupu, unashuka moja kwa moja mpaka barabara kuu. Bila breki sitoki popote. Miaka mitatu yangu ingekwenda na maji kwa sababu ya upepo.

Msaada pekee niliobaki nao ulikuwa shemeji, mdogo wake mke wangu. Tunamwita Kesho, kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila kitu. Lakini siku hiyo alikuwa ameapa kwa simu kwamba anakuja.

Nilipofika gereji hapakuwa na mtu. Nikawasha taa, nikajaza mafuta, nikainua gari kwa jeki na kuliweka juu ya stendi. Nikasubiri. Nikapanga spana. Nikazipangua. Nje watu walikuwa wanafunga madirisha, na giza lilikuwa limeanza kuingia chini ya mlango.

"Huyu mtu ataniua," nikasema peke yangu.

Kazi hii huanzia gurudumu la mbali kabisa na kiti cha dereva, halafu unasogea, unasogea, unamalizia na lililo karibu na miguu yake. Basi nikalala chini kwenye gurudumu la nyuma kushoto, nikachomeka mpira mwembamba kwenye nati, ncha yake nikaitumbukiza kwenye chupa. Nilitaka vitu viwe tayari tu. Na kwa mazoea, kwa uchovu, kwa hasira zilizonijaa kichwani, mdomo ukasema wenyewe.

"Kanyaga!"

Nikajicheka. Nilikuwa naongea na kiti kitupu.

Kisha pedeli ikalia. Kriii...

"Nimekanyaga."

Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu aliyebanwa kifua. Kutoka pale sakafuni nilikuwa naona gurudumu na ubavu mwekundu wa bodi, basi. Nikashusha pumzi. Kesho amefika, nikajiambia, na kwa kuwa amechelewa anaona aibu hata kusalimia.

"Afadhali umekuja," nikasema. Nikafungua nati. Mapovu yakatoka mengi, yakacheza ndani ya chupa. Nikafunga. "Achia."

"Nimeachia."

Jamani, sijapata kufanya kazi na mtu kama yule. Hakulalamika mguu, hakutoa simu mfukoni, hakuuliza tunamaliza saa ngapi. Kanyaga, nimekanyaga. Achia, nimeachia. Nikahamia gurudumu la nyuma kulia. Nikahamia la mbele kushoto. Mapovu yakapungua, yakawa moja moja.

"Leo umeniokoa, shemeji," nikasema.

Nikafuta nati kwa kitambaa.

"Mama anaendeleaje?"

Alikuwa anajibu amri tu. Nikaanza kusikia harufu pia. Mafuta ya breki nayajua, yana harufu ya samaki na sukari, lakini haya yalinuka kama yamechemka. Na mpira ulioungua. Nikapima bomba kwa kiganja. Lilikuwa la baridi.

Nikahamia gurudumu la mwisho, la mbele kulia. Hapo kichwa changu kilikuwa karibu kabisa na mlango wa dereva, na nilisikia pumzi zake. Fupi fupi... za haraka... za mtu anayekimbia akiwa amekaa.

"Kanyaga," nikasema, na sijui kwa nini nilinong'ona.

"Nimekanyaga."

Mafuta yakatoka safi, bila povu hata moja. Nikafunga nati. Furaha ilinipanda mpaka kooni. Nikafungua mdomo niseme neno la mwisho, na mlango wa jikoni ukafunguliwa.

"Baba watoto!" mke wangu akaita. "Shemeji yako huyu hapa, kaingia kwa mlango wa mbele zamani, akaanza na chai. Nimwambie aje au hujaanza?"

Nyuma yake akatokea Kesho, kikombe mkononi, anatafuna.

"Shemeji, samahani. Nikanyage wapi?"

Nilibaki nimelala pale, spana imenigandia mkononi.

Pumzi zilikuwa bado zinasikika.

Nikainuka polepole nikachungulia dirishani. Kiti kilikuwa kitupu. Ila sponji yake ilikuwa imebonyea, katikati na mgongoni, na pedeli ya breki ilikuwa chini, imekazwa, inatetemeka kidogo kidogo. Nikaingiza mkono niivute juu. Haikunyanyuka. Ni kama nilikuwa navuta mguu wa meza uliopigiliwa misumari.

Nilitoka mbio. Sikuzima taa.

"Pedeli imekwama," niliwaambia jikoni.

Kesho alinitazama usoni, akatazama mlango wa gereji, akaweka kikombe chini taratibu. "Tutaiangalia kesho," akasema, na kwa mara ya kwanza niliona ni jibu la busara.

Asubuhi Kutu alifika na lori lake la kuvuta magari. Mke wangu alikuwa tayari ameshika ufagio. Tulishusha gari kutoka kwenye stendi, tukalisukuma. Halikusogea. Kutu akafunga mnyororo, lori likavuta, matairi yakaburuzwa na kuacha michirizi myeusi sakafuni, lakini hayakuzunguka hata kidogo. Magurudumu yote manne yalikuwa yameshikwa. Kutu akaenda kuchungulia dirishani, labda handibreki nimeisahau. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akafuta mdomo kwa mkono.

"Mwambie mwenzako ashuke kwanza," akanong'ona.

"Mwenzangu gani?"

Nikamvuta pembeni, mke wangu asisikie. "Kutu, hizi pedeli ulizitoa wapi?"

"Vyuma haviulizwi vilikotoka, bwana."

"Kutu."

Akatazama viatu vyake. "Zilitoka kwenye gari la familia. Lilikatika breki mteremkoni. Baba, mama, na watoto nyuma, hakupona mtu. Waliokwenda kuwatoa walisema yule baba alikuwa amekwisha kufa, lakini mguu... Ilibidi watu wawili wauvute. Alikuwa bado amekanyaga." Akaugeuza mnyororo mkononi. "Mimi najua hilo tu. Na ningejua zaidi nisingekuuzia, wallahi."

Nilielewa. Yule mtu alikuwa amekanyaga mpaka pumzi ya mwisho, na hakuna aliyemwambia aache. Kisha nikaja mimi jana jioni, nikamwita kazini, na nikakimbia kabla sijammalizia.

Niliwaomba wote watoke nje. Mke wangu alisonya. "Saa tatu mama anafika, ujue." Nikaenda kwenye dirisha la dereva, nikapiga magoti. Harufu ilikuwa nzito, inawasha macho.

"Achia," nikasema.

Pedeli ikapanda, polepole, kriii... Gari likatikisika kidogo, magurudumu yakalegea.

"Nimeachia."

Nilitaka kuinuka. Ndipo sauti ikaja tena, ile ile lakini karibu na sikio langu, sauti ya mtu anayeogopa jibu.

"Imeshika?"

Sikiliza, nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, kwamba siku ile mteremkoni haikushika. Lakini nje Kutu alikuwa ananing'iniza mnyororo, mke wangu ana ufagio, na mimi nilikuwa nimegusa ile pedeli kwa mkono na kuiona ngumu, imara, breki ya mwanamume. Nikimwambia haikushika, si atakata tamaa? Si upepo utarudi, na gari langu likatwe vipande kabla ya adhuhuri? Na nilijidanganya kwamba namhurumia pia, kwamba maiti naye apewe habari njema.

"Imeshika, kaka," nikasema. "Imeshika vizuri."

Alishusha pumzi moja ndefu. Ilinipiga shavuni, ya moto. Kisha hakukuwa na kitu.

Nilipapasa kiti, kilikuwa na joto lakini hakikuwa kimebonyea tena. Nikaingia. Injini ikawaka mara moja, gari likanguruma, watoto wangu wawili wakatoka wakishangilia, mke wangu akashindwa kuzuia tabasamu. Nilishuka ule mteremko, na kila nilipogusa breki gari lilitii. Nilifika kwa binamu yangu nikiwa naimba. Miaka mitatu! Nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikujiuliza yule mtu, kama hayupo tena kwenye kiti, ameshukia wapi.

Mama mkwe akaletwa. Tukafagia gereji, tukasugua sakafu, tukamtandikia kitanda. Alilala mapema kwa dawa zake.

Asubuhi nilimpelekea chai. Alikuwa ameamka, amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Umelalaje, mama?"

"Nimelala vizuri, mwanangu. Ila yule mgeni wenu ana harufu, mwambieni aoge."

"Mgeni yupi?"

"Si yule baba mwenye mguu mbovu? Alisimama hapo mlangoni, ananiuliza watoto wako wapi. Mpole, lakini alikuwa na wasiwasi sana. Nikamwonea huruma." Akapokea kikombe. "Nikamwambia wako juu, wamelala."

Birika lililobaki mkononi nililimwaga ngazini. Nilipanda kwa mikono na miguu, namsikia mke wangu nyuma akiuliza kuna nini, kuna nini wewe. Nikasukuma mlango wa chumba cha watoto.

Walikuwa wamelala chali, kila mmoja kwenye kitanda chake, wazima, wanapumua. Shuka zilikuwa zimesokotwa kama kamba, zikapitishwa begani mpaka kiunoni, zikafungwa ubavuni kwa fundo gumu lenye madoa ya mafuta. Mikanda. Mke wangu akapiga ukelele, akaanza kuzifungua kwa meno.

Mdogo akafumbua macho. Hakuwa na hofu hata kidogo, alikuwa na furaha ya mtoto aliyeahidiwa matembezi.

"Baba, usifungue," akasema. "Yule baba amesema tunakwenda wote. Amesema tusiogope, safari hii breki zinashika."