Kofia Iliyofumuliwa Mara Nne

"Shamimu, kofia hiyo umeifumua mara ngapi?"

Eufrazia aliuliza huku akianika nguo uani. Alikuwa muuguzi wa zahanati, mpangaji mwenzao hapo Temeke. Shamimu alikuwa na sindano mkononi, mwanawe Suhaib wa miezi minne kalala mkekani.

"Hii ya tatu mwezi huu, dada. Kila nikiimaliza, haimwingii."

Mama mkwe wake, Bi Tabu, alicheka. Kichwa kikubwa ni cha hakimu, alisema.

Eufrazia hakucheka. Alipima kichwa cha Suhaib kwa futi ya kushonea. Wiki iliyofuata akapima tena: sentimita nzima imeongezeka. Utosi umevimba, macho yameelemea chini.

Hapo hakimu akageuka mwenye shetani. Bi Tabu alimnywesha kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, wiki nzima, kisha akamwita fundi, mganga wa mtaani, aje Ijumaa kumchanja chale utosini. Kondo, baba wa mtoto, alimwachia mama yake aamue. Shamimu alimpakata mwanawe.

"Dua sikatai, mama. Hata mie naomba. Lakini wembe kichwani kwa mwanangu, hapana."

Alhamisi alfajiri alimbeba, akaenda hospitali kuu na Eufrazia. Mtoto alipigwa picha kwa mashine iliyowekwa utosini. Eufrazia akamweleza Shamimu.

"Kila ubongo unatengeneza maji, kisha yanatoka. Mwanao kazaliwa na njia nyembamba. Maji yanajaa, yanasukuma kichwa. Si uchawi, wala si kosa lako. Njia haijaziba yote, na tumewahi."

Daktari alipitisha mpira mwembamba chini ya ngozi, toka kichwani hadi tumboni, maji yapite humo. Alionya kwamba mpira unaweza kuziba. Mtoto akitapika, akisinzia ovyo au akipata homa, aletwe siku hiyo hiyo.

Baada ya miezi mitatu Suhaib alikaa mwenyewe. Siku moja Shamimu alimkuta Bi Tabu uani na Mwamvita, jirani wa chumba cha mbele. Mtoto wa Mwamvita naye kichwa kilikuwa kinakua mbio.

"Usihangaike na hospitali," Bi Tabu alikuwa akisema. "Mjukuu wangu kaponywa na kombe. Fundi nitakuitia."

Shamimu aliingia ndani, akarudi na kofia, akaitupa mkekani.

"Mama, wiki ile ya kombe niliifumua mara ya nne. Tangu mpira uwekwe, sijashika sindano. Ulitaka kuniulia mmoja. Sasa unataka na wa mwenzangu?"

Mwamvita aliiokota kofia, akapapasa mishono yake, akairudisha mkekani. Akamfunga mwanawe mgongoni kwa khanga, akatoka kuelekea zahanati.