Kamusi na Nyuzi za Chuma

Nilikuwa bombani asubuhi, ndoo ya pili haijajaa, muuza mkaa aliponisogelea. "Mama Kamusi, umesikia? Kuna mtoto wa shule kapigwa na uzi wa gitaa. Jicho hakuna!"

"Shule gani?"

"Wanasema tu."

"Mtoto wa nani?"

"Jina hawalijui."

Nilijua ni maneno ya bombani. Lakini mimi ni fundi cherehani, na siku nzima kila uzi ulipokatika kwenye sindano nilijishika jicho. Binti yangu wa miaka kumi na miwili alikuwa kwenye kikundi cha magitaa cha shule. Wenzake walimwita Kamusi, kwa sababu kila neno la gitaa alikuwa na maana yake.

Aliporudi nikamkalisha. "Mwanangu, hizo nyuzi hukatika?"

"Hukatika kwa wasiojua, mama. Mimi najua."

Nikapumua. Nikaanza hata kuwatambia wateja: "Wenzake wote wanakuja kujifunza kwake!" Sikuwa nimemwuliza amejifunza wapi.

Ni kweli walikuja. Nyumba yetu ni chumba kimoja, na mlango haufunguki wote kwa sababu ya cherehani, kwa hiyo walisimama nje na kuuliza kupitia nondo za dirisha. Aliyeuliza zaidi alikuwa mvulana mwembamba waliyemwita Kijiti.

"Kamusi, mwalimu kasema tubane kapo. Kapo ndiyo nini?"

"Kibano cha wavivu. Achana nacho."

"Na freti?"

"Si vile vyuma vya shingoni? Vinazuia vidole visiteleze."

"Mbona gitaa langu linalia zzz kama nzi?"

"Lina mafua. Lianike juani."

Wakacheka, wakaenda wameridhika. Na mimi nilicheka, nikaendelea kushona.

Jumapili Kijiti alikuja na pakiti mkononi. "Mjomba kanipa nyuzi za chuma. Lile gitaa la shule ninalopiga lina za nailoni. Naweza kubadilisha?"

Nilimwona binti yangu akifinya pindo la sketi yake. "Weka," akasema. "Za chuma ndizo za wakubwa. Kaza mpaka zilie."

Kesho yake binti yangu hakula. Nikasikia habari kwa watoto wa jirani. Kijiti alikuwa anakaza uzi wa mwisho, gitaa likapasuka kwa mlio kama wa kiti kinachovunjika. Kile kibao cha tumboni kinachoshikilia nyuzi, wanakiita daraja, kilikuwa kimeng'oka na kuchomoa vipande vya ubao. Namshukuru Mungu hakikumpiga mtu. Mwalimu wa muziki aliuliza nani kamwambia aweke nyuzi zile. Kijiti akanyamaza. Akaambiwa atoke kwenye kikundi mpaka atakapokuwa tayari kusema, na siku ya wazazi ilikuwa imebaki wiki moja.

Siku tatu binti yangu hakutoka nje. Mara tumbo, mara kichwa. Alikaa kati ya kitanda na cherehani, mahali ambapo hata miguu hainyooki, pazia limefungwa, joto limejaa. Mtu akipita dirishani, yeye anajikunyata.

Siku ya tatu Kijiti alikuja. "Kamusi," akasema kwa sauti ya chini, "sijakutaja. Ila baba kanisema sana nyumbani. Utatoka lini?"

Binti yangu alijifunika uso. Nikaacha kukanyaga cherehani.

"Ni wewe?"

"Mama, hata daraja silijui! Siku ya kwanza mwalimu aliuliza, mmeelewa? Wote wakasema ndiyo, na mimi nikasema ndiyo. Kesho yake mmoja akaniuliza, nikabuni. Akanishukuru. Sasa wananiuliza wote. Nikisema leo sijui, si wataniuliza yale mengine niliyatoa wapi?"

Sitawaficha, wanangu mnaosoma. Wazo langu la kwanza lilikuwa tunyamaze. Nilikwisha kujigamba kwa wateja wangu wote, nikaona aibu itakuwa yetu wawili. Nikajiambia, Kijiti ni mtoto, atasahau. Kisha nikamwona kwenye upenyo wa pazia, bado amekaa kwenye ngazi yetu, anamngoja rafiki yake.

"Vaa viatu," nikasema.

Tulimkuta mwalimu kwenye stoo ya vyombo vya muziki. Binti yangu alisimama nyuma yangu, nikamsukuma mbele.

"Mwalimu, Kijiti hana kosa. Aliyemwambia ni mimi. Na maana nyingine zote nilizitunga."

"Zote?"

"Zote, mwalimu. Hata ya mafua."

"Ahaa! Ndiyo maana nilikuta gitaa limeanikwa kama shati!" Alitaka kucheka, akajizuia. Akachukua gitaa lililovunjika, akaliweka kwenye magoti ya binti yangu. "Shika. Gitaa hili lilitengenezwa kwa nyuzi za nailoni. Za chuma zinavuta kwa nguvu zaidi, na ubao huu haukuandaliwa kuzibeba. Freti ni hivi vyuma. Ukibonyeza uzi karibu na freti, unapata sauti unayoitaka. Ukibonyeza mbali nayo, au kwa ulegevu, ndipo unasikia zzz. Kapo inabana nyuzi zote kwa pamoja ili sauti ipande, ilingane na ya mwimbaji. Umeelewa?"

Binti yangu alitaka kusema ndiyo, akajirudi. "Hapo kwenye kapo, sijaelewa."

Mwalimu akarudia, kapo ikiwa mkononi. Haikuchukua hata dakika mbili.

"Umeona?" akasema. "Ungeniambia hivyo siku ya kwanza, ningerudia hivi hivi. Sasa mwenzako amekaa nje siku tatu kwa ajili yako, na gitaa limevunjika. Na mimi nina kosa. Niliuliza darasa zima mmeelewa, nikaridhika na kelele za ndiyo. Na Kijiti nilimtoa haraka mno."

Kesho yake binti yangu alisimama mbele ya kikundi, akafuta maana zake moja moja. Walimcheka, nao walikuwa na haki. Kijiti alirudishwa. Seremala aliunga daraja kwa gundi na vibano, na siku ya wazazi Kijiti alilipiga gitaa lile lile. Jioni ile binti yangu alikula sahani mbili.

Basi, jihadharini na haya:

Usiitikie ndiyo kama hujaelewa.

Usimweleze mwenzako jambo usilolijua.

Usiweke nyuzi za chuma kwenye gitaa la nyuzi za nailoni.

Usikaze nyuzi huku umeziinamia uso.

Usianike gitaa juani.

Usimwache mwenzako abebe kosa lako, hata siku moja.

Na wewe mzazi, usijivunie mtoto kwa jambo ambalo hujamwuliza amejifunza wapi.