Bima ya Kuta

Ndani ya benki iliyofurika watu, fundi cherehani mwenye gauni la njano alimpiga kumbo kijana wa shati la samawati. Vipeperushi vyake vikatapakaa sakafuni.

"Samahani, kaka."

"Kwa tabasamu hilo, nimeshasamehe. Mimi ni wakala wa bima za nyumba."

"Mimi fundi cherehani, nimepanga tu. Nalazimika kukata bima?"

"Hulazimiki. Mwenye nyumba ndiye hulazimishwa na benki, akichukua mkopo. Ila bima yake ni ya kuta na paa. Vyerehani vyako havimo."

"Wee, acha kunitisha!"

Wakapendana. Kila jioni simu ililia.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na bima sikati, usinibembeleze."

Kwa wapangaji wenzake fundi alijigamba: "Kaeni kwa amani. Mchumba wangu kasema bima ya mwenye nyumba inatukinga sote." Hakuona ubaya, alitaka tu wamwonee fahari mtu wake.

Moto ukalipuka mchana, jikoni kwa jirani. Mungu alinusuru roho, vitu vikateketea. Wakala alipofika kukagua kuta, wapangaji walimzunguka.

"Yetu tunalipwa lini?"

"Poleni sana. Vitu vyenu havimo."

"Tapeli!"

Kaka wa fundi, mchomeleaji wa mageti, alimbwaga chini. Teke likamng'oa meno. Nondo ikashuka begani, mfupa ukalia. Damu ilichuruzika juu ya majivu. Fundi alisimama kando, mikono kichwani. Kijana alimtazama kwa jicho moja lililobaki wazi, asiseme neno.

Nondo ikainuliwa tena, sasa ikilenga kichwa.

"Kaka, usimuue!" Fundi akajitupa juu ya mchumba wake. "Aliniambia ukweli! Mimi ndiye niliyewadanganya!"

Nondo ilikuwa imeshaachiwa. Ikamvunja fundi mkono.

Hospitalini waliwekwa benchi moja, plasta kwa plasta.

"Mbona hukusema ni mimi?"

"Wangekugeukia wewe."

Fundi akalia mpaka kifua kikamuuma. "Nikipata cherehani kingine, nitakikatia bima."

"Hulazimiki."

"Najua. Na wewe kunioa hulazimiki."

"Najua," akajibu kwa pengo la meno. "Nakuoa."

Mlangoni mchomeleaji alisimama, kofia mkononi, macho chini.

"Shemeji," akasema, sauti ikikatika. "Nimekuja kuomba radhi."

Kijana alisogea taratibu, akampa nafasi kwenye benchi.