Vipimo vya Mara ya Pili

Ng'ombe wenye pembe ndefu walikuwa wanapitishwa barabarani ili watalii wa Fort Worth wapige picha, na Nyaboke, katika kuwakwepa, akajitosa kwenye duka la kwanza aliloona mlango wazi. Alivaa gauni la njano la mabega wazi, miwani ya jua kaisukumia nyweleni, na manukato yake yalimfanya fundi aliyeinamia soli ainue kichwa kabla hajaitwa.

Fundi huyo alikuwa Elimringi, Mchaga wa Machame, aliyekuja Texas kusomea uhasibu akaishia kushona mabuti ya kizamani kwa ajili ya waigizaji na watu wa makumbusho. Hakushona kitu mpaka apate picha ya kale ya kukithibitisha. Wateja wengine walimwona msumbufu, na hawakukosea sana.

"Nataka hayo mekundu ya dirishani," Nyaboke alisema. "Yenye ncha kali na maua. Tuna mchezo wa kuigiza kanisani kwetu Houston, na mimi ni mwanamke wa mwaka 1880 anaswaga ng'ombe amevaa kama mwanaume."

"Huyo asingeyavaa hayo, dada. Ncha kali hivyo zimekuja miaka ya 1940 na 1950. Wa 1880 alivaa ncha butu, ngozi ya kahawia tupu, shingo ya buti ikipanda karibu na goti, na kisigino kirefu cha kushika kikuku cha kukanyagia kwenye tandiko la farasi."

"Na nani atajua?"

"Mimi."

"Kwani utakuwa huko?"

"Ukinikaribisha."

Nyaboke akacheka, akakaa kwenye kiti. Elimringi akamvua viatu, akamsimamisha juu ya karatasi, akachora nyayo zake kwa penseli, kisha akazungusha utepe kwenye kifundo na kwenye shavu la mguu, akiandika kila namba. Namba moja aliiandika mara mbili. Nyaboke aliona, akatabasamu, kwa kuwa ilimpendeza.

Nyaboke alikuwa nesi, akiishi Pearland, kando ya Houston, na dada yake Moraa. Kila alipotoka shift alimpigia Elimringi simu akiwa bado amevaa sare.

"Umekula, fundi wangu?"

"Nimekula ngozi na gundi."

"Aki wewe. Ungekuwa karibu ningekupikia."

"Mwendo wa saa nne si mbali, mpenzi."

"Basi mbona sikuoni?"

Akawa anamwona. Kila Jumapili ya pili Elimringi aliteremka Houston na shati lililopigwa pasi kwa mkono wake mwenyewe, wakasali pamoja, wakala nyama choma mtaa wa Alief, wakagombana nani anajua kupika ugali. Wote wawili walilelewa kanisani, na walikubaliana kusubiri mpaka ndoa. Mwezi wa tano Elimringi alinunua pete, akapanga kumvisha siku ya kujaribu mabuti.

Siku hiyo ilifika Juni. Nyaboke alikuja na suruali nyeupe na blauzi ya kitenge, uso umechoka. Mabuti yalikataa kupita. Elimringi akadhani alikosea, akachukua utepe, akapima upya. Akapima tena. Shavu la mguu lilikuwa limeongezeka inchi moja na nusu, na mguu wa pili vilevile.

Miguu ya dada zake huko Machame aliwahi kuiona ikivimba hivyo, kila mara kwa sababu moja tu. Pete ilikuwa mfukoni.

"Kuna nini?" Nyaboke aliuliza.

"Nitaongeza ngozi. Tutaongea," akajibu, akikunja karatasi yake ya vipimo.

Hawakuongea. Wiki mbili Elimringi hakupokea simu. Wivu ulimtafuna, akawa anahesabu miezi na kumtafuta kichwani mwanaume asiyemjua. Mwisho akaandika ujumbe: "Aliyekupa mimba hiyo akushonee viatu."

Nyaboke aliusoma ndani ya gari, nje ya kliniki ambako daktari alikuwa amemaliza kumweleza kwamba figo zake zimeshindwa. Hakujibu. Mchezo ukafanyika bila yeye.

Oktoba, simu kutoka Houston ililia dukani.

"Ni Elimringi? Mimi Moraa, dadake Nyaboke. Leo ndio nimeona kile ulimwandikia. Hakuna mimba, wewe. Ni figo. Anaenda kwa mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki."

Kesho yake asubuhi Elimringi alikuwa Pearland. Moraa alimfungulia mlango bila kumsalimu. Nyaboke alikuwa kwenye kochi, ndani ya dera la bluu lililomzidi, plasta chini ya shingo pale mpira wa mashine ulipoingia. Alikuwa amekonda, na bado alikuwa mzuri, na Elimringi alipomwona alilia waziwazi.

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe. Nilikuwa na mengi ya kubeba."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Siku ile nilijua kuna kitu, Eli. Mimi ni nurse. Nilikuona ukipima mara mbili, uso ukabadilika. Nikasema, sasa ataniuliza, na akiniuliza nitamwambia naogopa. Ukakunja karatasi."

"Nilidhani..."

"Najua ulichodhani, ulikiandika. Kiatu cha mtu alikufa kitambo unakitafutia picha miezi miwili. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yako, niko hai, na mdomo ninao."

Elimringi akapiga magoti. Akatoa pete. "Nikubalie nikuoe. Nitahamia huku. Nitakupeleka kwenye mashine mwenyewe."

Mkono wa Nyaboke ulitoka chini ya shuka alilojifunika, ukafika karibu na pete, ukarudi.

"Nakupenda, sitakudanganya. Lakini huu ugonjwa uko na siku nyingi mbaya. Kila nikivimba, kila nikichelewa, kila nikinyamaza, nitakuwa nakuangalia usoni nijue unafikiria nini. Hiyo nguvu sina."

"Nitabadilika."

"Labda. Lakini sio mimi nitangoja, mpenzi. Enda, barabara ni ndefu."

Akaondoka saa saba mchana. Saa kumi na moja na nusu jioni simu yake ikaita.

"Umefika?" Nyaboke aliuliza.

"Nimefika."

"Barabara ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa."

"Haya. Pumzika, Eli."

Akakata. Elimringi alikuwa bado kwenye kituo cha mafuta cha Pearland, mtaa wa pili kutoka kwa Nyaboke, na gari hakuwa ameliwasha tangu saa saba.